Tumbo Langu Lilifunguliwa Mara Mbili

Kama umeamka leo wodini ukakuta kipande cha utumbo wako kiko nje ya ngozi, chekundu na chenye unyevu, na hakuna aliyekuambia mapema kwamba itakuwa hivyo, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni mshonaji wa nguo, nakaa Kabondo hapa Kisangani. Wazazi wangu walitoka Kasongo, kule Maniema. Jina langu ni Zaina, lakini mtaani wananiita Mama Asha, kwa jina la binti yangu. Nimepona, kwa maana kwamba natembea, nakula, na cherehani yangu inalia tena. Uchovu ndio haujaisha. Wako ukikawia kuisha, usidhani umefanya kosa. Na wangu umekawia.

Mwanzo wake ulikuwa furaha. Saidi, mdogo wa mume wangu, alikuwa amechimba mabwawa ya samaki kwenye barabara ya Bengamisa, moja chini ya jingine, maji ya kijito yakishuka kutoka la juu mpaka la mwisho. Juu ya maji alisimamisha banda la bata na kuku ili kinyesi chao kidondoke na kurutubisha bwawa. Wengi wanafanya hivyo. Juu zaidi, karibu na kijito, mlinzi wake alikuwa amejenga kibanda cha kuishi na familia yake, na nyuma ya kibanda, choo.

Siku ya Idi Saidi alituita sote tukale samaki wa kwanza. Wanaume waliingia na wavu, wakatoa tilapia na ngolo, wale wenye ndevu, wengi hata watoto wakapiga kelele. Sisi wanawake tulikaa ukingoni, tukawapasua matumbo na kuwaosha kwa maji ya bwawa. Samaki tuliwafunga kwenye majani wakaiva vizuri kabisa. Lakini nyanya, vitunguu na pilipili za kachumbari tuliziosha kwenye ndoo ileile, tukazikatia juu ya ubao uleule, na hizo hazikupita motoni. Nilikula sana. Mimi ni mtu wa pilipili.

Homa ilikuja baadaye, wakati sherehe yenyewe tumeshaisahau. Kwetu kila homa huanza kwa jina la malaria. Kwenye kituo kidogo cha afya cha mtaani waliniwekea mshipani serumu ya kinini, masikio yakavuma, homa ikabaki. Wakaniwekea nyingine. Nilirudi kule asubuhi baada ya asubuhi, nikikaa kwenye benchi la mbao kati ya wajawazito na watoto wanaokohoa, kichwa changu kimeegemea ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega. Ukutani palikuwa na doa la mafuta mahali pa vichwa vya watu. Niliweka changu hapohapo, siku hadi siku.

Halafu asubuhi moja, nikiwa nimeinama kufagia, kitu kilipasuka ndani. Sina neno jingine. Maumivu yalinishusha sakafuni na nikabaki nimekunja magoti, nikiogopa hata kuvuta pumzi. Mume wangu, Ramazani, aliniketisha kwenye pikipiki kati yake na dereva, tukaenda hospitali kubwa. Kila shimo la njia nililihesabu kwa meno.

Daktari alinigusa tumbo. Lilikuwa gumu kama meza. Akamvuta Ramazani koridoni wakazungumza Kifaransa kwa sauti ya chini, nami nikasikia neno moja tu: *perforé*. Limetoboka. Ramazani akarudi, akanishika kidole gumba cha mguu, si mkono, sijui kwa nini.

"Watakupasua, Mama Asha."

"Sasa hivi?"

"Wanatafuta glavu na nyuzi. Mi naenda kutafuta. Hapana ogopa."

Alikimbia na kijikaratasi kutoka duka la dawa moja mpaka jingine, huku mimi nikilala kwenye kitanda cha magurudumu kando ya mlango wa chumba cha upasuaji. Baadaye niliambiwa kwamba wiki hiyo aliuza pikipiki yake mwenyewe. Hajawahi kuitaja mbele yangu.

Nilipoamka, kulikuwa na mrija puani, mwingine kwenye kibofu, na upande wa kulia wa tumbo langu palikuwa na kile kitu. Binti yangu Asha alikuwa ameketi kwenye beseni lililogeuzwa. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mwaka huo aliuacha ili anilinde hospitalini, kwa sababu kwetu mgonjwa asiye na mlinzi wake halindwi na mtu. Muuguzi, Mama Yvonne, alikuja kufungua kidonda.

"Ni nini hii?" nikamuuliza.

"Ni utumbo yako, mama. Homa ya matumbo iliitoboa, wameitoa inje ipumzike. Ikipona, watairudisha."

"Na choo itatoka wapi?"

"Hapo hapo."

Niligeuza uso ukutani. Kwenye kitanda cha jirani mtu akacheka, kicheko cha taratibu, cha mtu anayeshika tumbo lake asiumie. Alikuwa Mama Beya, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko. Akainua kitenge chake.

"Angalia, dada. Ya kwangu ni hii. Mi niko nayo tangu Noeli. Siku ya kwanza nililia kuliko wewe. Sasa iko kama mutoto mubaya: inakula, inanya, inakusumbua kanisani. Lakini ni ya kwako."

Huyo ndiye aliyenifundisha kuishi. Mifuko maalumu hospitali haikuwa nayo. Tulitumia vifuko vya plastiki vya sokoni, tukavikata mdomo na kuvifunga kwa plasta, na plasta ikabanduka, na maji ya utumbo yakashuka juu ya ngozi na kuichoma. Ngozi yangu upande huo ilikuwa nyekundu, mbichi, kama ya mtu aliyemwagiwa mafuta. Mama Yvonne alinipaka marhamu nyeupe kila alipoipata. Mama Beya aliniambia nile wali na ndizi za kuchemsha ili kinachotoka kiwe kizito, na ninywe maji yenye chumvi na sukari waliyonipa, hata kama sina hamu. Mimi nikamwomba Asha aniletee sindano na mabaki ya vitenge. Nikashona mkanda mpana wenye tundu mbele, unaoshika kifuko kisining'inie. Nikamshonea na Mama Beya wake, wa maua ya njano. Akauvaa juu ya gauni lake ili wodi nzima iuone.

Mwili ulibadilika bila kuniuliza. Nywele zilitoka kwa mikono. Bangili ilipita kiwiko ikapanda mpaka begani. Nilipojiona kwenye kioo cha bafu nilimwona marehemu mama yangu katika siku zake za mwisho, nikajifunika kwa kitenge. Na kile kitu kilikuwa na sauti yake: mgeni akiketi tu, kinaguna. Wageni walijifanya hawakusikia, wakapunguza kuja.

Nilirudi nyumbani mvua zikiwa zimepungua. Ramazani alitandika mkeka sebuleni.

"Nisije kukuumiza," akasema.

"Ni harufu?"

"Ni kidonda, Mama Asha. Ni kidonda tu."

Huenda alisema kweli. Tulikuwa watu wazima wenye ndoa ya miaka mingi, na hatukuwa na maneno ya jambo hili. Nilisikiliza kikohozi chake upande wa pili wa pazia. Yeye, nadhani, alisikiliza plastiki yangu.

Jambo lililonitafuna zaidi sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeacha kusali. Ningesimamaje mbele ya Mungu na uchafu umefungwa kiunoni, unaotoka bila idhini yangu hata katikati ya sijida? Nilikaa hivyo wiki nyingi, nikisikia adhana na kujifanya nimelala. Mwishowe nilimweleza mke wa imamu wetu, mwanamke wa maneno machache, naye akaenda kuuliza, akarudi na jibu akiwa bado na viatu.

"Wakati wa sala ukiingia, jioshe, badilisha kitambaa, tawadha, funga vizuri, usali. Kikitoka kitu baada ya hapo, hicho si chako. Mwenyezi Mungu anajua hukukifungulia wewe mlango." Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Na ukichoka kusimama, sali ukiwa umekaa. Ukichoka kukaa, lala."

Nilisali adhuhuri hiyo nimelala ubavu. Sikumaliza bila kulia.

Wakati huo mbinzo zilikuwa zimeanza kutoka msituni. Akina mama walipita mtaani na mabeseni ya viwavi, na mimi nilikatazwa kuvila. Ndipo Asha akaleta habari kutoka barabara ya Bengamisa. Binti wa mlinzi wa Saidi, msichana aliyetusaidia kupara samaki siku ya Idi, alikuwa amefariki. Homa, kisha tumbo lilivimba, kisha basi. Hakufika hata hospitali. Na watu wa kijiji walikuwa wamemgeukia bibi yake, mama mzazi wa mlinzi, kizee asiyeona vizuri. Walisema ni ndoki, mchawi, amemla mjukuu wake. Wengine waliongeza kwamba hata mimi alinitupia jicho siku ile. Walikuwa wanapanga kumfukuza.

"Homa gani?" nikamuuliza Asha, ingawa nilijua.

"Kama yako, mama."

Nilikuwa na siku ya kubadilishiwa bandeji wiki hiyo. Pale koridoni, mahali tunapongojea kwa mafungu kila mtu na harufu yake, mwanamke wa zoni ya afya, ile ofisi inayofuatilia magonjwa ya eneo, alikuwa akipita na kuuliza wagonjwa wa tumbo: ulikula wapi, maji unachota wapi, nani mwingine aliugua. Aliniuliza na mimi. Nilijibu kwamba nimechoka, aje mara nyingine. Nilitaka kwanza kuzungumza na Saidi.

Saidi alikuja jioni, akaketi kwenye kiti cha wateja wangu. Nampenda Saidi. Alikuwa kijana nilipoolewa, nimempikia mimi. Nilimweleza kile choo kilipo, na kijito kinakopita, na yule kizee.

"Donc unasema samaki yangu ndio ilikupasua tumbo?"

"Sisemi samaki. Nasema maji. Daktari naye anasema hawezi kujua kwa hakika. Lakini waende waangalie."

"Shemeji, neno moja tu likitoka, soko lote litasikia. Nani atanunua samaki ya mavi? Ile mabwawa ni maisha yangu. Watoto yangu iko ndani ya ile maji."

"Na yule mama muzee?"

"Watu ya kijiji wanasema vile siku zote. Itapita."

"Itapita akiwa wapi, Saidi?"

Ramazani alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, akiangalia barabara.

Kesho yake nilirudi hospitali, ingawa haikuwa siku yangu, nikamngoja yule mwanamke mpaka alipofika. Nilimwambia yote. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia mtu aliyebeba ndoo mbali sana na sasa ameitua, na mkono bado unauma.

Watu wa zoni walikwenda na chifu wa kijiji. Walikuta shimo la choo limebomoka upande wa kijito, na uchafu unashuka polepole kwenye bwawa la juu. Waliwakusanya watu palepale, wakawaonyesha njia ya maji kwa fimbo, kutoka chooni mpaka bwawani mpaka mahali wanapooshea sahani. Walichukua maji kwenye chupa, wakawaandikia wagonjwa wengine barua ya kwenda hospitali, kwa maana walikuwapo wengine. Yule kizee hakufukuzwa. Wapo waliobaki na shaka zao, hilo najua, ila mwanawe alipata maneno ya kumtetea. Saidi aliamriwa asiuze samaki mpaka akaushe mabwawa yote, ahamishe choo na kuondoa lile banda juu ya maji.

Alikuja nyumbani. Hakuingia.

"Umenizika, Mama Asha." Kisha akamgeukia kaka yake. "Na wewe unakaa kimya?"

Ramazani aliweka mkono kwenye mwimo wa mlango. Halafu akasema, "Alikuwa karibu kufa, Saidi. Mi ndio nilimushika kwa pikipiki. Wewe hukumushika."

Saidi akaondoka. Msimu wa mbinzo ukaisha. Kwenye harusi ya ukoo alikaa upande mwingine wa uwanja. Mama mkwe wangu alinipa chakula bila kuniangalia usoni.

Usiku huo wa harusi Ramazani alikunja mkeka wa sebuleni, akaja kulala kitandani, upande wangu wa kushoto usio na kidonda. Asubuhi aliamka na kunisaidia kufunga mkanda, vidole vyake vikubwa vikihangaika na kifungo.

Tarehe ya kunifunga utumbo iliahirishwa mara kadhaa. Damu yangu ilikuwa hafifu. Halafu wauguzi waligoma. Halafu umeme ulikatika kwenye chumba cha upasuaji. Kila mara nilifunga chakula tangu jioni, nikajisafisha, nikaenda, nikarudi. Ukiahirishiwa, kula. Usibaki na njaa kwa hasira kama nilivyofanya mimi.

Mama Beya alifungwa kabla yangu. Mama Yvonne ndiye aliyeniambia, akiwa amenipa mgongo, akipanga bandeji ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mshono wa ndani uliachia. Hawakuweza kumwahi. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hospitali, na watu wakanipita juu na chini. Sikuweza kumlilia vizuri, kwa sababu hofu yangu ilikuwa imekaa mahali pa kilio. Hilo nalo huwa linatokea. Nimemlilia baadaye.

Waliniita tena wakati wa mvua kubwa. Nilimwambia Ramazani kwamba siendi.

"Bon," akasema. "Hapana enda." Akavua viatu, akakaa chini ukutani. Tulisikiliza mvua kwenye mabati. Baada ya muda nilisimama nikatafuta kitenge safi, naye akavaa viatu vyake.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupeleka mkono upande wa kulia. Palikuwa na bandeji tu, bapa. Sikuamini, nikabonyeza, nikajiumiza. Lakini Mama Yvonne alinionya nisishangilie bado.

"Sasa tunangojea upepo," akasema.

"Upepo gani?"

"Upepo, mama! Ya chini. Ukipita, ni kusema njia iko wazi. Mpaka hapo, hata maji hapana."

Basi familia nzima ikaanza kungoja mimi nijambe. Nasema wazi, kwa sababu na wewe utangojea, na hakuna atakayekueleza kwamba mambo makubwa ya maisha huweza kufika hapo. Daktari alipita asubuhi: "Upepo?" Hapana. Mama Yvonne mchana: "Upepo?" Hapana. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa ameniangalia usoni tangu mambo ya mabwawa, alikuja na tasbihi, akaketi kitandani na kuuliza kwa unyenyekevu, kama anayeuliza habari za mfalme. Hapana. Tumbo lilijaa na kukaza. Nilimfikiria Mama Beya kila nilipofumba macho. Midomo ilikauka mpaka ikapasuka, na Asha aliilowesha kwa kitambaa.

Mchana mmoja, mvua imekatika na wodi ina joto, kitu kilijisogeza ndani yangu, kikasita, kikasogea tena. Kisha kikapita. Kidogo, cha kuaibisha, kirefu. Asha aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake. Tukaangaliana.

"Mama?"

"Ndiyo."

Alipiga kelele ikasikika mpaka koridoni. Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia hakuwa Mama Yvonne. Alikuwa Saidi. Alikuwa ameketi nje kwenye benchi tangu siku niliyopasuliwa, nikaambiwa baadaye, akija asubuhi na kuondoka jioni, akimkataza kila mtu kunieleza. Viatu vyake vilikuwa na matope makavu. Alisimama mwisho wa kitanda, shemeji yangu, mwanaume wa kuheshimiwa, hajui aweke mikono wapi.

"Nimebomoa ile choo," akasema. "Nimechimba ingine mbali, upande ya chini. Na bata nimeondoa. Maji iko inakauka." Akaangalia viatu vyake. "Shemeji, naomba radhi kuuliza. Upepo... umepita?"

"Umepita, Saidi."

Akakaa palepale sakafuni, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Kwanza nilidhani anacheka. Kisha nikajua analia. Kisha ikawa ni vyote viwili, na mama mkwe, aliyemfuata ndani na tasbihi yake, naye akashikwa na kicheko, na mimi nikalazimika kushika mshono wangu kwa mikono miwili, nikiwaomba waniache, wataufungua tena.

Ramazani alifika akatukuta hivyo. Alinitazama tu, akaelewa, akaenda kumtafuta Mama Yvonne. Aliporudi aliniambia kwamba nimeruhusiwa kunywa, kidogo kidogo, akaniuliza nataka nini.

Nikasema chai. Ya moto, na sukari.